Kopi, Leseni na Bajeti: Maswali Yenu kuhusu Hakimiliki Vyuoni na Shuleni

Barua za safari hii zimetoka kwa wahadhiri, wakutubi, wahasibu na mwandishi mmoja mwenye kinyongo. Nyingi zinauliza: "Naruhusiwa kunakili?" Tumejibu, ila tungependa swali hilo litanguliwe na jingine: "Maandishi haya taasisi imeshayalipia?" Mara nyingi ukishalijibu hili, lile la mwanzo linabaki halina kazi.

SWALI: Nafundisha kozi yenye wanafunzi 120. Nataka kuskani sura moja ya kitabu chenye sura 12 na kuiweka kwenye mfumo wa masomo wa chuo. Wenzangu wanasema asilimia 10 ni halali popote duniani. Ni kweli? (Mhadhiri)

Si kweli, ingawa kosa hilo limezagaa hadi kwenye miongozo ya vyuo vyenyewe. Mkataba wa Berne wa 1886, shina la sheria nyingi za hakimiliki, hautaji asilimia yoyote. Kifungu cha 10 kinaziachia nchi ziruhusu kazi za watu zitumike kufafanulia mafunzo, kwa kiasi kinachohitajika tu na kwa namna ya haki, na kinataka chanzo na jina la mtunzi vitajwe. Baada ya hapo kila nchi imejipimia. Uingereza inaruhusu asilimia 5 ya kazi kwa taasisi nzima ndani ya miezi 12, tena ruhusa hiyo haifanyi kazi pale ambapo leseni ya kunakili inapatikana. Ujerumani, tangu 2018, ni asilimia 15. Australia hutumia asilimia 10 au sura moja, lakini chini ya leseni ya kisheria inayolipiwa. Marekani haina namba kabisa. Kuna vigezo vinne: lengo la matumizi, aina ya kazi, kiasi kilichochukuliwa na athari kwa soko la kazi hiyo.

Huko Marekani, Cambridge University Press, Oxford University Press na SAGE waliwashtaki viongozi wa Georgia State University mwaka 2008 kwa jambo hasa unalotaka kulifanya. Mwaka 2012 jaji alipitia madai 74 moja baada ya jingine, akitumia kipimo cha asilimia 10 au sura moja, akaona ukiukaji katika matano tu. Wachapishaji wakakata rufaa. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa ikasema kipimo hicho cha jumla hakifai, kila kipande kipimwe peke yake. Kesi ilimalizika 2020. Miaka 12 ya mawakili, na bado asilimia 10 haikupata kuwa sheria.

Sura moja kati ya 12 ni kama asilimia 8. Kwenye kipimo cha asilimia 15 umo ndani. Kwenye asilimia 5 umeshavuka. Kwa hiyo kabla ya kuwasha skana, anza na mkutubi: je, chuo hakina kitabu hicho kwa njia ya kielektroniki? Kama kipo, usipakie faili, weka kiungo. Tumia kiungo cha kudumu kilichoandikwa kwenye ukurasa wa kitabu, si anwani unayoinakili juu ya kivinjari, kwa kuwa ile mara nyingi hufa ukishatoka. Kiungo kipitishwe kwenye seva wakala (proxy) ya maktaba, inayomtambulisha msomaji kuwa ni wa chuo, ili mwanafunzi aliye nje ya chuo aweze kuingia.

Kiungo kina faida nyingine ambayo wahadhiri wengi hawaijui. Ukipakua makala mara moja na kuiweka kwenye mfumo wa masomo, wanafunzi 120 wataisoma, lakini takwimu za mchapishaji zitaandika matumizi mamoja. Mwisho wa mwaka jarida lako linaonekana halisomwi, linakatwa, nawe unakuja maktaba kulalamika. Tumekutana na mzunguko huo mara nyingi kuliko kesi za mahakamani.

Kama kitabu hakipo, na sheria ya nchi yako inaruhusu kipande, basi: skani kurasa zinazohitajika tu pamoja na ukurasa wa jina la kitabu, andika mwandishi, mchapishaji na mwaka, wafungulie waliojiandikisha kwenye kozi hiyo peke yao, na ufunge faili muhula ukiisha. Hatari kubwa iko kwa wenzako. Mhadhiri mmoja ameskani sura ya 2, mwingine ya 5, nawe ya 9, na kila mmoja anaamini amechukua "sura moja". Pale ambapo kipimo ni cha taasisi nzima, chuo kimeshachukua robo ya kitabu. Mali bila daftari huisha bila habari: maktaba iwe na rejista moja yenye jina la kitabu, ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu), kurasa, kozi, idadi ya wanafunzi, tarehe ya kufungua na kufunga, na msingi wa ruhusa (sheria, leseni au barua ya mchapishaji). Jedwali la kawaida la kompyuta linatosha.

SWALI: Shule yetu ina nakala moja ya kitabu cha mazoezi. Tukitoa kopi 40 kwa ajili ya darasa, si ni matumizi ya elimu? (Mwalimu wa taaluma)

Hapana. Kitabu cha mazoezi kimetengenezwa kiandikwe ndani na kiishe. Kukitolea kopi ni kuchukua nafasi ya mauzo yake yote, na hicho ndicho kigezo kinachoangusha utetezi wa "elimu" karibu kila mahali. Mwongozo wa madarasa wa Marekani wa 1976 ulivitaja vitabu vya aina hii waziwazi kuwa havinakiliwi. Nunueni seti, au ulizieni leseni ya darasa. Wachapishaji kadhaa huuza faili yenye ruhusa ya kuchapa kwa idadi ya wanafunzi.

SWALI: Chuo chetu kinalipa tozo kwa kila mwanafunzi kwa jumuiya ya kukusanya mirabaha ya kunakili. Wakati huohuo maktaba inalipia hifadhidata na vitabu pepe kwa fedha nyingi zaidi. Hatulipi mara mbili? (Mkuu wa idara ya fedha)

Huenda mnalipa mara mbili, huenda hamlipi. Bila kuhesabu hamtajua. Tozo ya jumla ilibuniwa enzi za mashine za fotokopi, wakati chuo kilinunua kitabu kimoja na wanafunzi wakagawana kopi. Leo sehemu kubwa ya bajeti ya maandishi inakwenda kwenye leseni za kielektroniki, na nyingi kati ya hizo zinaruhusu kuweka kiungo, kuchapa na hata kutengeneza kabrasha la kozi, yaani mkusanyo wa maandishi ya kusomea kozi. Kipande kilekile kikilipiwa kwenye leseni, kisha kikaingizwa kwenye hesabu ya tozo, mmelipa mara mbili.

Kanada ndiyo nchi ambako jambo hili lilibishaniwa hadi mwisho. Kwa miaka mingi vyuo vikuu vilikuwa vikiilipa jumuiya ya Access Copyright dola 3.38 za Kanada kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa muda wote, pamoja na senti 10 kwa kila ukurasa wa makabrasha ya kozi. Mwaka 2010 jumuiya ikapendekeza dola 45 kwa kichwa. Makubaliano ya 2012 yakashusha hadi dola 26 kwa vyuo vilivyotaka, lakini vingine vilikuwa vimeshaanza kujitoa. Mwaka huohuo mambo mawili yaliwapa nguvu: Mahakama ya Juu iliamua kuwa mwalimu kunakili vipande vifupi kwa ajili ya wanafunzi kunaweza kuwa matumizi ya haki, yaani yasiyohitaji idhini ya mwenye hakimiliki, na Bunge likaongeza "elimu" kwenye orodha ya malengo yanayoruhusiwa.

Kisha York University, mojawapo ya vyuo vya huko, ikashtakiwa na jumuiya hiyo kwa kutolipa. Mwezi Julai 2021 Mahakama ya Juu iliamua kwamba tozo iliyoidhinishwa na bodi ya hakimiliki ya nchi hiyo haimlazimishi asiyechagua kuchukua leseni. Wengi waliishia hapo kusoma, wakatangaza kuwa kunakili vyuoni sasa ni bure. Mahakama haikusema hivyo. Ilikataa kutoa tamko kwamba kunakili kwa York kulikuwa kwa haki. Chuo kinachonakili bila leseni bado kinaweza kushtakiwa na mwenye hakimiliki kwa kazi ambayo chuo kimeinakili. Kisichoweza kulazimishwa ni tozo yenyewe. Tena hayo ni ya Kanada. Pale ambapo leseni imewekwa na sheria, kama Australia, mlango wa kujitoa hauko wazi namna hiyo, hivyo mwanasheria wenu aanze kwa kuwaambia mko upande gani.

Mkishajua hilo, fanyeni ukaguzi. Chagueni kozi 20 kwa bahati nasibu, kutoka vitivo vyote, kwa muhula mmoja. Kusanyeni kila kinachosomwa: faili zilizopakiwa, viungo, vitini, makabrasha. Kila kipande kiingie kwenye fungu moja tu kati ya matano: kilicholipiwa tayari na maktaba, kilicho huria mtandaoni kwa leseni ya wazi, kinachonunuliwa na mwanafunzi mwenyewe, kipande kifupi kinachoingia kwenye ruhusa ya sheria, na mabaki. Tozo inawanufaisha kwenye mabaki, na kwa kiasi kwenye fungu la nne pale penye shaka. Kadirieni mabaki ya chuo kizima, kisha gawanyeni tozo yote ya mwaka kwa idadi hiyo. Mkikuta kila kipande kinawagharimu mara tano ya bei ambayo mchapishaji angewatoza kwa ruhusa ya moja kwa moja, mna hoja ya kupeleka mezani.

Ila msiifute tozo kwenye bajeti kana kwamba yote ni faida. Atakayejitoa anahitaji angalau mtumishi mmoja wa kuomba ruhusa na kutunza rejista, mwongozo unaofuatwa kweli, na mafunzo kwa wahadhiri kila mwaka. Angalieni pia kama leseni ya jumla ina kifungu cha kinga, yaani jumuiya inabeba madai ya wenye hakimiliki. Kinga hiyo ina thamani hata kama haionekani kwenye hesabu.

SWALI: Tulinunua kitabu pepe cha kiada. Siku tatu kabla ya mtihani wanafunzi wanaambiwa "kinatumika, jaribu baadaye". Si tumenunua? (Mkutubi wa chuo)

Hamkununua kitabu, mmepewa leseni. Kitabu cha karatasi ukishakinunua unaweza kukiazimisha, kukiuza au kukitoa sadaka, kwa sababu haki ya mchapishaji juu ya nakala ile huisha kwa mauzo ya kwanza. Kitabu pepe hakifuati kanuni hiyo: Desemba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kuwa hata mtumba wa vitabu pepe hauruhusiwi bila idhini. Kwa hiyo mnachoweza kufanya ni kile tu kilichoandikwa kwenye leseni.

Leseni za taasisi zina sura kuu nne. Ya mtumiaji mmoja kwa wakati ndiyo rahisi, na ndiyo inayowatesa. Ya watumiaji watatu ni ghali zaidi na kwa darasa kubwa haisaidii sana. Ya akiba ya matumizi inaruhusu wengi kwa pamoja lakini inakata siku kutoka kwenye akiba ya mwaka, tuseme 325. Darasa la watu 200 likifungua kila mmoja mara mbili, akiba imekwisha kabla ya Desemba. Ya nne haina kikomo, na kwa vitabu vya kiada mara nyingi haiuzwi kabisa, au inauzwa kwa mwaka mmoja mmoja kwa idadi ya wanafunzi. Mchapishaji anajua kwamba leseni moja isiyo na kikomo inaua mauzo ya nakala 200. Anailinda biashara yake. Nanyi lindeni bajeti yenu kwa kutokubali sura ya leseni msiyoihitaji.

Fungueni ripoti za COUNTER, viwango vya takwimu ambavyo wachapishaji wengi hufuata. TR_B1 inaonyesha vitabu vilivyofunguliwa, TR_B2 wasomaji waliogeuzwa mlangoni. Kitabu chenye waliogeuzwa 3 kwa mwaka kiacheni kilivyo. Chenye 90 ndani ya wiki mbili za mitihani kinahitaji kupandishwa daraja, na wauzaji wengi hutoza tofauti tu ya bei mkipandisha badala ya kununua upya. Kabla ya kulipa, jaribuni mambo mawili ya bure: fupisheni muda wa kuazima kutoka siku saba hadi saa chache kwenye mipangilio ya jukwaa, na wafundisheni wanafunzi kupakua sura badala ya kushikilia kitabu kizima. Mtu aliyeacha dirisha wazi akaenda kula bado anahesabika kuwa anasoma.

Kuna waliotuuliza kama wanaweza kuskani kitabu chao chote cha karatasi na kuazimisha skani moja kwa kila nakala iliyofungiwa kabatini. Mfano huo ndio uliofikishwa mahakamani na wachapishaji dhidi ya Internet Archive, maktaba ya mtandaoni ya Marekani, na Septemba 2024 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko New York iliukataa. Hatuwashauri kujenga huduma juu yake.

SWALI: Uongozi unataka tukate kifurushi kikubwa cha majarida ili kuokoa fedha. Tufanyeje hesabu bila kujidanganya? (Mkuu wa maktaba)

Gharama kwa kila matumizi ni kipimo kizuri mradi msikiamini kupita kiasi. Chukueni ripoti ya COUNTER ya majarida, TR_J1, ambayo tayari imeondoa makala za ufikiaji huria (zinazosomwa bure), na mtumie hesabu ya matumizi ya kipekee badala ya jumla. Vinginevyo msomaji aliyefungua ukurasa kisha akapakua faili ya makala ileile atahesabiwa mara mbili. Kisha TR_J4 iwaonyeshe makala zilizosomwa ni za miaka gani. Mkiwa na haki ya kudumu ya matoleo ya zamani, matumizi hayo yatabaki hata mkikata, basi yatoeni.

Tuchukue mfano wa kubuni, kwa sarafu yoyote mtakayo. Kifurushi cha majarida 400 kinagharimu 80,000 kwa mwaka na kina matumizi 16,000, yaani 5 kwa kila tumizi. Kinaonekana rahisi. Lakini majarida 60 peke yake yanabeba matumizi 13,000. Kuyalipia hayo moja moja, kwa wastani wa 900, ni 54,000. Majarida 340 yaliyobaki yana matumizi 3,000. Kati ya hayo tuseme 1,200 ni ya matoleo mnayoyamiliki au yenye nakala huria kwenye hazina za vyuo. Yanabaki 1,800. Si kila aliyefungua makala angeiomba kama ingekuwa imefungwa. Tukikadiria theluthi moja, ni maombi 600. Kila ombi likigharimu 30, kwa kuazima kutoka maktaba nyingine au kununua makala, ni 18,000. Jumla 72,000.

Mmeokoa 8,000, na bado hamjamlipa mtumishi wa kushughulikia maombi 600. Hapo ndipo vyuo vingi hujidanganya: vinatangaza kuokoa 26,000 kwa kusahau mstari wa mwisho. Na bei ya jarida moja moja hupanda haraka mara mkiwa nje ya kifurushi. Sisi tunaona hesabu hii ina faida kubwa zaidi mezani kuliko kwenye mkasi. Mchapishaji akiona mnajua namba 72,000, hana sababu ya kuamini kwamba hamuwezi kuondoka. Mfumo wa University of California ulikatisha mkataba na mchapishaji Elsevier mwaka 2019, na 2021 pande hizo zikasaini mkataba mpya unaounganisha ada za kusoma na za kuchapisha kwa ufikiaji huria.

Taasisi zilizo katika nchi za kipato cha chini zianze kwingine kabisa: Research4Life, mpango unaozifungulia majarida na vitabu vya utafiti. Mpango huo ulianza 2002 na Hinari kwa afya, kisha AGORA kwa kilimo, OARE kwa mazingira, ARDI kwa teknolojia na GOALI kwa sheria. Nchi za kundi A, zenye uwezo mdogo zaidi, huingia bure na za kundi B kwa ada ndogo. Anayeandikisha ni taasisi, si mtu binafsi. Hakikisheni hamlipii hifadhidata ambayo sehemu yake kubwa mnaweza kuipata humo.

SWALI: Kitabu kina leseni ya wazi ya Creative Commons yenye alama NC, yaani kisitumike kibiashara. Tukikipeleka duka la kuchapa linalotoza, tumevunja leseni? (Mwalimu mkuu)

Mahakama mbili za rufaa za Marekani, 2018 na 2019, zilijibu hapana: duka linalochapa kwa agizo la shule ni mkono wa shule, na matumizi ya shule si ya kibiashara. Duka likianza kuchapa nakala zake na kuziuza rafuni, hiyo ni habari nyingine. Chungeni zaidi alama ND, maana inakataza kusambaza toleo mlilolibadilisha. Kutafsiri sura na kuwagawia wanafunzi ni kubadilisha.

SWALI: Mtunzi alifariki 1950. Kazi yake si huru sasa? (Mhariri wa vitini)

Pale ambapo muda ni miaka 70 baada ya kifo, hakimiliki iliisha tarehe 31 Desemba 2020. Hesabu hufungwa mwisho wa mwaka. Penye miaka 50, ambayo ndiyo kima cha chini cha Berne, iliisha mapema zaidi. Lakini tazama ulichoshika mkononi. Tafsiri, dibaji, maelezo ya chini na michoro ya toleo jipya vina wenyewe, na mtafsiri huenda yuko hai.

SWALI: Nina mwanafunzi asiyeona. Mchapishaji hana toleo la sauti. Naweza kukitengeneza kitabu kizima? (Mratibu wa elimu maalumu)

Katika nchi iliyojiunga na Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ulioanza kutumika 30 Septemba 2016, ndiyo, kwa kufuata sheria iliyoutekeleza. Unawahusu wasioona, wenye uoni hafifu, wenye matatizo ya kusoma maandishi, na wasioweza kushika au kufungua kitabu. Unaruhusu pia nakala kuvuka mipaka kati ya taasisi zilizoidhinishwa, kwa hiyo ulizieni kwanza kama tayari imetengenezwa kwingine. Baadhi ya nchi zinataka mhakikishe kuwa toleo linalofaa haliuzwi. Mwombeni mchapishaji faili asilia, maana kuskani kurasa 400 na kusahihisha herufi ni kazi ya wiki kadhaa. Nakala ikikamilika apewe anayestahili tu, si darasa zima.

SWALI: Zamani nilipata hundi ya mirabaha ya kunakili kila mwaka. Sasa imebaki makombo. Vyuo vinasema "elimu" na kuacha kulipa. Tumeibiwa? (Mwandishi wa vitabu vya kiada)

Manung'uniko yako yana msingi. Huko Kanada, baada ya 2012, malipo yaliyogawiwa waandishi kupitia jumuiya yalishuka sana, na hakuna hoja ya mahakama inayomfuta mwandishi machozi kwa hilo. Lakini fedha za vyuo hazikutoweka. Nyingi zimehamia kwenye leseni zinazolipwa moja kwa moja kwa wachapishaji na wauzaji wa hifadhidata. Kama fungu lako halifiki, tatizo linaweza kuwa kwenye mkataba wako.

Soma kifungu cha mapato ya leseni. Mikataba ya zamani hutaja asilimia ya bei ya kitabu kilichouzwa na kunyamaza kuhusu hifadhidata, au huweka asilimia ya kile mchapishaji alichopokea baada ya makato. Omba taarifa ya mirabaha itenganishe mstari wa karatasi, wa kitabu pepe, wa leseni za taasisi na wa kunakili. Zikiunganishwa huwezi kujua kilichoshuka ni kipi. Andikisha kila toleo kwenye jumuiya ya kukusanya, pamoja na sura ulizochangia kwenye vitabu vya wengine. Mgawo hutegemea ISBN, na toleo la tatu lisiloandikishwa halilipwi eti kwa sababu tu la kwanza limo. Angalia pia muda wa kudai, kwa kuwa fedha isiyodaiwa haikai milele.

SWALI: Mkataba wa hifadhidata unakataza kuweka makala kwenye mfumo wa masomo na kuazimisha maktaba nyingine, ilhali sheria yetu inaruhusu. Kipi kina nguvu? (Mkutubi wa majarida)

Inategemea kama sheria yenu imejikinga. Uingereza, tangu 2014, kifungu cha mkataba kinachozuia matumizi ya haki kwa kufafanulia mafunzo hakina nguvu. Agizo la Umoja wa Ulaya la 2019 lina kinga kama hiyo kwa matumizi ya kidijitali ya kufundishia. Sheria ikikaa kimya, mlichosaini ndicho kitakachosomwa mbele ya hakimu. Ndiyo maana tunasema fedha nyingi hupotea siku ya kusaini kuliko siku ya kunakili.

Kwenye rasimu angalieni nani anahesabiwa mtumiaji: wanafunzi wa masafa, wahadhiri wa muda, wageni wanaoingia maktaba. Idadi ya wanafunzi ihesabiwe kwa wa muda wote, au kwa kitivo husika kama hifadhidata ni ya udaktari pekee. Ombeni haki ya kudumu kwa miaka mliyolipia, kikomo cha ongezeko la bei la kila mwaka, na ruhusa ya kuazimisha. Kataeni kifungu cha siri ya bei, kwani kazi yake ni kuwazuia msilinganishe na jirani. Vifungu vipya vinavyozuia kuchambua maandishi kwa kompyuta au kutumia akili unde navyo visomwe taratibu. Vingine vimeandikwa kwa upana kiasi cha kumzuia mtafiti hata kuhesabu maneno. Mwisho wa mkataba ombeni sentensi moja: "Hakuna kifungu hapa kinachopunguza ruhusa zilizomo kwenye sheria ya hakimiliki." Wachapishaji wengi huikubali mkiiomba, na ni nadra waiweke wenyewe.

Mikataba mingi hujiongeza yenyewe msipotoa taarifa siku 60 au 90 kabla. Andikeni tarehe hiyo kwenye kalenda ya mhasibu na ya mkutubi, wote wawili, na barua ya kusudio la kutoendelea itumwe kabla ya mazungumzo kuanza. Mkikubaliana, mtaifuta.